Kushikana na Kusukumana: Kani Zinazozipanga Chembe za Saratani

Shamba lolote la mkonge katika Wilaya ya Korogwe lina somo moja ambalo halimo katika vitabu vya kilimo. Mfanyakazi akichukua uzi mmoja wa katani uliokwisha kukaushwa na kupigwa brashi, aweza kuuzungusha kidoleni bila shida yoyote. Lakini nyuzi hizo hizo zikishindiliwa na mashine zikawa robota la kilo 250, robota hilo huwa gumu kama gogo, na mtu akilipiga ngumi ataumia yeye. Ugumu huo haukuwamo ndani ya uzi. Umeletwa na kubanwa na kufungamana kwa nyuzi nyingi.

Tumeanza na robota kwa sababu ya swali tuliloulizwa na bibi mmoja huko Handeni, baada ya mazungumzo ya afya kijijini. Alisema: "Mjukuu wangu, jipu huuma, jino huuma, hata mwiba huuma. Hili donge la titi mnalotuambia kuwa ni ugonjwa mkubwa, mbona haliumi? Ni gumu tu, kama kokwa la embe." Kina mama waliokuwapo waliitikia kwa vichwa, na ilionekana wazi kwamba wengi wao hupima uzito wa ugonjwa kwa maumivu yake. Bibi yule alikuwa amegusa, bila kujua, jambo ambalo wataalamu wa fizikia na wa tiba wamelishughulikia sana katika miaka ya karibuni: ugumu wa uvimbe unatoka wapi, nao una uhusiano gani na tabia ya chembe zilizomo ndani yake?

Chembe hai na gundi yake

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai, ambazo wengine huziita seli. Upana wa chembe moja ni kiasi cha sehemu 1 au 2 kwa 100 za milimita, kwa hiyo haionekani ila kwa hadubini. Ndani ya kila chembe mna kiunzi cha nyuzi za protini ambacho hujikunja na kujivuta mfano wa misuli. Juu ya utando wake mna protini nyingine zinazoshika chembe jirani, na nyingine zinazoshika kitanda cha nyuzi ambacho chembe hizo hukikalia. Chembe, basi, haitulii kama tofali ukutani. Kila saa inavuta na kuvutwa, inasukuma na kusukumwa. Kitu kinachosukuma au kuvuta huitwa kani katika fizikia, na neno hilo ndilo tutakalolitumia.

Kwamba kani hizi zaweza kuzipanga chembe bila ya kiongozi wala mchoro ilionyeshwa katika karne iliyopita. Mwaka 1955 Philip Townes na Johannes Holtfreter, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walitenganisha chembe za vijusi vya amfibia, wakazichanganya ovyo, kisha wakaziacha. Chembe zilijitenga zenyewe, kila aina ikaenda mahali pake. Mwaka 1963 Malcolm Steinberg alieleza sababu kwa kutumia chembe za kijusi cha kuku. Alipochanganya chembe za moyo na za ini, zile za moyo zilijikusanya katikati, na zile za ini zikazizunguka kwa nje. Sababu, alisema, ni ile ile inayofanya mafuta na maji yasichanganyike katika sufuria ya mchuzi. Chembe zinazoshikana kwa nguvu zaidi hujivuta pamoja na kuwa kiini, na zile zinazoshikana kwa ulegevu hubaki pembeni. Hapakuhitajika amri. Tofauti ya mshiko ilitosha.

Gundi yenyewe ilitambuliwa baadaye. Masatoshi Takeichi wa Japani aligundua jamii ya protini ambazo hushikanisha chembe pale tu penye kalsiamu, naye akaziita kadherini. Kalsiamu ikiondolewa, chembe huachana. Umuhimu wa gundi hiyo kwa saratani ulidhihirika mwaka 1998 huko New Zealand, ambako ukoo mmoja wa Wamaori ulikuwa umepoteza watu wengi kwa saratani ya tumbo. Wachunguzi waliokuwa pamoja na Parry Guilford walikuta kwamba watu hao walirithi kasoro katika jeni inayotengeneza kadherini. Saratani yao haikufanya donge. Chembe zake zilitawanyika ndani ya ukuta wa tumbo kama punje za mtama zilizomwagika.

Ipo aina ya saratani ya titi ambayo nayo mara nyingi hukosa kadherini hii. Chini ya hadubini chembe zake huonekana zikifuatana moja moja katika mstari, na mama mwenye ugonjwa huo aweza asipate donge la wazi la kushika. Titi huwa zito tu au hubadilika umbo. Kwa hiyo kukosekana kwa donge si uthibitisho wa uzima.

Zinazosafiri kwa kundi

Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba chembe ya saratani lazima kwanza ipoteze gundi yake, iachane na wenzake, ndipo iweze kusafiri. Fikra hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si yote. Saratani nyingi zinazoenea huendelea kushikana. Husogea kwa kundi, kama siafu wakatao njia baada ya mvua: chembe chache za mbele huvuta na kufungua njia katika nyuzi, na zilizo nyuma hufuata huku zimeshikamana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 huko Boston, Marekani, kwa kutumia panya, ulionyesha kwamba vishada vya chembe za saratani ya titi vinavyoelea ndani ya damu vina uwezo mkubwa wa kuanzisha uvimbe mpya kuliko chembe moja moja, mara 23 hadi 50. Vishada hivyo ni vichache sana, lakini ndivyo vya kuogopwa. Kushikana, ambako katika mwili mzima ni ulinzi, huko kwageuka kuwa silaha ya ugonjwa.

Ugumu unatoka wapi

Sasa turudi kwenye robota. Chembe za saratani zikipimwa moja moja mara nyingi ni laini. Mwaka 2007 wachunguzi wa Los Angeles walitoa majimaji kwenye vifua vya wagonjwa, wakazibonyeza chembe zilizomo kwa sindano ndogo mno, wakakuta kwamba zile za saratani iliyokwisha kuenea ni laini kuliko chembe nzima kwa zaidi ya asilimia 70. Ulaini huo huzisaidia kujipenyeza mahali pembamba. Je, bibi wa Handeni alikosea aliposema kwamba donge ni gumu? Hakukosea. Kinachogusika kwa kidole si chembe bali ni nyuzi zinazoizunguka.

Uvimbe unapokua huzichochea chembe jirani kutengeneza kolajeni kwa wingi, yaani zile nyuzi ngumu zinazoupa mwili kamba na vifungo vyake. Nyuzi hizo huunganishwa kwa mafundo ya kikemia na kuvutwa na chembe hadi zikakazika. Valerie Weaver na wenzake walipima tishu za panya mwaka 2005, wakaona kwamba tishu ya uvimbe wa titi ni ngumu kuliko tishu nzima ya titi kwa zaidi ya mara 20. Tena waliona jambo la kushangaza zaidi. Walipozikuza chembe za titi zisizo na saratani juu ya kitanda laini, zilijipanga vizuri katika duara lenye uwazi katikati, kama zifanyavyo katika titi la kawaida. Kitanda kilipofanywa kigumu, zilipoteza mpango huo, zikaanza kurundikana na kusukumana. Ugumu, basi, si matokeo ya ugonjwa tu. Nao huusukuma mbele. Chembe huvuta nyuzi, nyuzi hukazika, na kitanda kilichokazika huziamsha chembe zivute zaidi.

Mwelekeo wa nyuzi nao una kazi yake. Nyuzi za kolajeni pembezoni mwa uvimbe mchanga hulala kuuzunguka, kama kamba iliyofunga mzigo. Mwaka 2006 wachunguzi wa Wisconsin walionyesha kwamba uvimbe unapoanza kupenya, nyuzi hizo hugeuzwa zikanyooka kuelekea nje, mithili ya katani iliyopita kwenye brashi. Chembe za saratani huzishika na kutambaa juu yake. Aliyewahi kuona sisimizi wakipita juu ya kamba ya kuanikia nguo hahitaji mchoro.

Msongamano: hesabu ya kujipimia

Mtu aliyefika kwenye mnada wa ng'ombe anajua kwamba kundi likibanana mno langoni halisogei, hata kama kila ng'ombe anataka kupita. Likilegezwa kidogo, hutiririka. Chembe zilizopangana katika utando zina hali hizo mbili pia: husongamana zikakwama kama mahindi ndani ya gunia, au hutiririka kama uji. Lililowashangaza wataalamu ni kwamba jambo hili laweza kutambulikana kwa umbo la chembe. Pima mzingo wa chembe, gawanya kwa kipeuo cha pili cha eneo lake. Jibu likiwa chini ya 3.81 hivi, chembe zimekwama. Likizidi hapo, zaweza kutiririka. Nambari hiyo ilitolewa kwa hesabu na wanafizikia wa Marekani, akiwamo Lisa Manning, na mwaka 2015 ikaonekana katika chembe za njia ya hewa za watu wenye pumu na wasio na pumu.

Mwanafunzi aweza kujaribu kwa penseli. Pembesita sawa yenye upande wa sentimita 1 ina mzingo wa sentimita 6 na eneo la sentimita za mraba 2.598. Kipeuo cha pili cha eneo hilo ni 1.612, na 6 ikigawanywa kwa 1.612 hupatikana 3.72: umbo la chembe iliyokwama, sawa na vyumba vya sega la asali. Pembetano sawa hutoa 3.81, mpakani hasa. Mstatili wa sentimita 1 kwa 3 una mzingo wa 8 na eneo la 3. Kipeuo ni 1.732, na jibu ni 4.62. Chembe zilizorefuka namna hiyo hupishana na kusogea. Wachunguzi wa Leipzig, Ujerumani, walikuta mwaka 2021 uhusiano wa jinsi hii katika vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa: palipokuwa na chembe zilizorefuka, tishu ilitiririka. Si kipimo cha hospitali bado.

Saratani ya utosini mwa tiba ya Afrika Mashariki

Tumezungumza juu ya saratani zenye gundi. Ipo moja iliyo karibu nasi ambayo chembe zake si za jamii hiyo kabisa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliowashika watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia ndani ya gari wakasafiri kiasi cha maili 10,000, wakipita Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakiuliza kila hospitali kama iliwahi kuona ugonjwa huo. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba uvimbe huo ni wa nchi za joto na mvua, nao hutoweka katika milima mirefu. Kwa mtu wa Korogwe hilo halina ugeni. Bonde la Pangani ni nchi ya malaria, lakini mtu akipanda milima ya Usambara baridi huzidi na mbu hupungua. Leo inajulikana kwamba ugonjwa huo huhusiana na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika chembe za uvimbe wenyewe, pamoja na kuugua malaria mara kwa mara utotoni. Korogwe yenyewe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, jambo ambalo wenyeji wanastahili kulijua zaidi kuliko wanavyolijua.

Uvimbe wa Burkitt hutoka katika chembe nyeupe za kinga, ambazo kwa desturi ni mviringo na huzunguka huru katika damu na tezi. Hazikuumbwa kujenga kuta. Zinawezaje basi kufanya uvimbe unaolijaza taya la mtoto kwa majuma machache? Jibu ni kasi. Chembe hizi huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku 1 au 2. Chembe moja ikigawanyika mara 30 bila hata moja kufa hupatikana zaidi ya chembe milioni 1,000, ambazo ni kiasi cha gramu moja. Kwa kweli nyingi hufa njiani, na chembe kubwa zinazokula mizoga hiyo huonekana chini ya hadubini kama nyota katika anga la usiku. Zinazobaki hubanana hata pembe zao za mviringo zikawa bapa, kama machungwa ya chini kabisa katika shehena ya lori.

Msukumo huo unahitaji pa kwenda. Mfupa wa taya ni mgumu, lakini meno yamesimama katika mashimo, na mara nyingi dalili ya kwanza ni meno ya mtoto kulegea pasipo sababu, kabla uso haujavimba. Mzazi aonapo meno ya magego ya mtoto wa miaka 5 au 6 yanacheza, asidhani kwamba ni meno ya utoto yanayong'oka tu. Magego hayang'oki umri huo. Ampeleke hospitali wiki ile ile. Saratani hii inayokimbia kuliko zote ndiyo pia inayosikia dawa upesi. Burkitt mwenyewe aliwaona watoto waliopona kwa dozi chache za dawa za sindano katika miaka ya 1960.

Kanieneo na dawa isiyofika

Uvimbe wenye nyuzi nyingi una shida ya kinyume. Mwaka 1997 wachunguzi waliokuwa na Rakesh Jain huko Boston walizikuza chembe za saratani ndani ya ute mgumu, wakaona kwamba vidonge vya chembe viliendelea kukua mpaka kanieneo ya kubanwa ilipofika milimita 45 hadi 120 za zebaki, ndipo vikasimama. Tulinganishe: kipimo cha juu cha damu ya mtu mzima mwenye afya ni kama 120, lakini ndani ya vishipa vidogo kabisa hakizidi sana 35. Kwa hiyo uvimbe una nguvu ya kutosha kuvibana vishipa vyake wenyewe hadi vikafumba. Damu haipiti, na dawa iliyomo katika damu haifiki. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya uvimbe mkubwa uwe mgumu kutibiwa kwa dawa kuliko mdogo, ingawa chembe zake ni za aina ile ile. Dawa ya shinikizo la damu iitwayo losartan, ambayo hupunguza utengenezaji wa kolajeni, imejaribiwa pamoja na dawa za saratani ili kuvifungua vishipa hivyo. Utafiti haujaisha, na mgonjwa asijaribu kujitibu nayo.

Jibu la bibi

Jipu huuma kwa sababu usaha hujaa kwa siku chache, na mwili unapopigana humwaga kemikali zinazozichokoza neva. Donge la saratani ya titi hukua kwa miezi au miaka. Ngozi na neva hupata muda wa kulizoea, wala hakuna usaha. Huanza kuuma, mara nyingi, linapofika kwenye neva au mfupa, na wakati huo njia ya kulitibu imekwisha kuwa nyembamba.

Ndiyo maana mganga wa hospitali haulizi maumivu tu. Hulisukuma donge kwa ncha za vidole kuona kama linateleza au limenata kwenye ngozi na misuli. Likinata, huenda nyuzi zimekwisha kulifunga. Humwambia mama ainue mikono juu, aangalie kama ngozi inabonyea au chuchu imevutwa ndani, maana kubonyea huko ni kamba za kolajeni zikivuta kutoka chini. Mambo haya mama aweza kuyatazama mwenyewe mbele ya kioo. Akiona mojawapo, aanze zahanati au hospitali ya wilaya yake, Handeni au Korogwe. Huko huandikiwa barua ya kwenda Bombo mjini Tanga, na ikihitajika KCMC huko Moshi au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Atachomwa sindano na kutolewa kipande kidogo, ambacho hukatwa vipande vyembamba kama karatasi na kutiwa rangi. Katika kioo hicho mtaalamu huona kama chembe zimeshikana au zimetawanyika, kama zimepangana mstari mmoja, na nyuzi zimeelekea wapi.